Mfuniko wa Mama Ignasi na Mashahidi Wanne wa Uskoti

Leonardi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema Kornel alipigana. Anawahadithia abiria pale stendi ya Laela wakinunua mahindi ya kuchoma, nao wanaibeba habari mpaka Tunduma, kwamba Kornel mnoa visu aliingia uani kwa Mama Ignasi na panga mkononi, akamnyang'anya mama wa watu sahani nyeusi yenye jini, jini likapiga yowe kwa Kizungu, pombe ikamwagika mpaka barabarani na bata wakalewa. Bata walilewa, hilo sikatai. Lakini bata wa Leonardi hulewa kila tunapopika. Mengine yote kayatoa kichwani mwake, maana yeye alichungulia juu ya ukuta mwisho mwisho, na mimi ninayemsaidia Mama Ignasi kupika nilikuwepo tangu mwanzo, nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, nachekecha ulezi.

Laza jembe basi, ewe mtu wa Kasense. Epua chungu, ewe mke wa mjini. Nanyi mnaovutana bei ya gunia, punguzeni sauti, kwa maana linalokuja ni tendo kubwa. Na wewe upepo wa Ufipa, upenyaye koti na sweta na fulana ukaufikia mfupa, tulia kidogo, ulisimulie nami, kwa kuwa ni kwa ajili yako mambo haya yalianza.

Naam, ni kwa ajili ya upepo. Marehemu mume wa Mama Ignasi aliuza makoti ya mtumba, yale mazito ya sufu ambayo huko Dar hakuna wa kuyagusa, na hapa Sumbawanga mwezi wa saba watu huyagombea. Siku moja alifungua balo, na kati ya koti na koti akakuta bahasha pana ya karatasi ngumu, na ndani yake sahani nyeusi, nyembamba, inayong'aa, yenye mistari ya duara isiyohesabika na tundu dogo katikati. Mume akataka kuitupa. Mama Ignasi, Malkia wa Mitungi, Mtuliza Povu, ambaye pombe yake ya ulezi imewapatanisha mashemeji walioapa kutosalimiana, akaipokea, akaijaribu juu ya mdomo wa mtungi mkubwa, nayo ikakaa kama iliyopimwa na fundi. Na lile tundu likawa pua ya pombe: pumzi inatoka, inzi haingii.

Bahasha nayo hakuitupa. Ilikuwa na picha ya vijana wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, wamesimama juu ya mwamba kwenye upepo, wamevaa nguo nyeusi, nywele machoni, hakuna hata mmoja anayecheka. Mama Ignasi akaitazama sana. Vijana, weusi wa mavazi, wenye huzuni, wamepigwa picha mbele ya jiwe: akakata shauri kwamba ni mashahidi wa dini, waliouawa pamoja katika nchi ya baridi. Akaitundika kando ya Bikira Maria. Tangu hapo, kila alipofunika mtungi alipiga ishara ya msalaba, akawakabidhi wale wanne pombe yake, nayo haikupata kugeuka siki tena. Padri alipoulizwa akasema hawafahamu watakatifu hao. Mama Ignasi akamsamehe, akasema padri bado kijana.

Sasa mwite Kornel mwana wa Loth, Mtia Makali, ambaye shoka butu likimwona kwa mbali hujiona limekwisha noleka. Mpanda baiskeli isiyokwenda popote, iliyosimamishwa kwa vyuma, ambayo ukikanyaga pedeli zake hulizungusha jiwe la kunolea. Aliitwa kunoa visu vya harusi, kwa kuwa Ignasi alikuwa anaoa Jumamosi. Akiwa anakunywa uji, jicho lake likaangukia mfuniko. Akauinamia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mbona hii ni santuri, babu yake alikuwa nazo. Akapiga picha maandishi ya katikati, akaondoka bila kumaliza uji, jambo ambalo Kornel hajapata kulifanya.

Alikwenda kwa Rahim, Bwana wa Spika, ambaye duka lake likifunguliwa mtaa mzima hujua. Rahim akaitafuta ile santuri kwenye simu, na hakuipata kwa kuuzwa wala kwa kusikilizwa. Alipata tangazo moja tu, la mama mmoja wa Uskoti aitwaye Ailsa. Aliandika kwamba yeye na wenzake watatu walitoa santuri moja ujanani, kwa fedha zao wenyewe, nakala chache, na hakuna aliyezinunua ila shangazi zao. Kundi lilijiita kwa jina ambalo Rahim alilifasiri kuwa Kabati la Mvua. Nakala walizobaki nazo ziliozea kwenye stoo iliyoingia maji. Sasa wamezeeka, Ailsa anaendesha basi la wanafunzi, na Jumamosi hiyo hiyo ya harusi yetu wangeimba tena pamoja kwenye ukumbi wa kijiji chao. Nyimbo zote wamezikumbuka. Wa mwisho tu, ule wa kufungia, umewatoka wote wanne. Wana ubeti wa kwanza, kisha giza. Mwenye santuri, awaonee huruma.

Rahim akamwandikia. Ailsa akajibu kwamba amelazimika kusimamisha basi pembeni.

Ikawa Ijumaa, jua la saa tisa, nyumba imejaa shangazi wanaomenya viazi, na mtungi mkubwa uko kwenye kilele chake cha kuchacha. Na yeyote aliyekulia kwa mpika pombe anajua kwamba saa hiyo mtungi haufunuliwi, hausogezwi, wala hapagombwi karibu yake. Hapo ndipo Kornel alipoingia uani akiikokota baiskeli yake, na Rahim nyuma yake ameshika simu mbele ya kifua kama anayebeba sakramenti, ingawa yeye ni Mwislamu safi.

"Shikamoo, mama," akasema Kornel.

"Marahaba. Visu ulishanoa. Baiskeli ya nini?"

Kornel akajivuta, akanena maneno marefu, kwamba wako watu mbali sana waliopotelewa na wimbo, kwamba wimbo huo umo ndani ya mfuniko, kwamba hataki mfuniko, anauazima kwa kitambo cha wimbo mmoja, kisha utarudi mahali pake ungali na joto. Lakini hakusema kwamba watu hao ni wale wanne wa ukutani. Nilimwona akilizunguka neno hilo kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Mama Ignasi akaweka mwiko chini. Shangazi wakaacha kumenya.

"Kornel mwana wa Loth," akasema, "kesho ukoo wa bibi harusi unapanda kutoka Ilemba, watu wa bonde, watu wenye midomo. Watakunywa kwanza, ndipo watazame kama mwanangu ana pua. Pombe hii ikigeuka, nitaimbwa mimi. Sasa niambie, wimbo wa watu nisiowajua na jina langu, kipi kizito?"

Mikono mikubwa ya Kornel ikakosa pa kukaa. Rahim akaanza kueleza habari za mtandao, akanyamazishwa kwa jicho. Hapo nikaweka chekeche chini, nikanyanyua ungo wangu, nikasema, polepole, nisiushtue mtungi, kwamba ungo huu ni safi, unaweza kuushikilia mdomo kwa kitambo, na mimi mwenyewe nitakaa karibu niusikilize unavyopumua.

Mama Ignasi akanitazama sana. "Wimbo mmoja," akasema. "Povu likishuka, nitawafunika ninyi."

Simulia, ewe upepo, jinsi walivyojipanga! Baiskeli ililazwa ubavu juu ya magunia ya mahindi. Jiwe la kunolea likavuliwa cheo chake, na pale lilipokaa ikakazwa santuri, kati ya vipande viwili vya ndala. Karatasi ya mfuko wa saruji ikaviringwa pembe, na kwenye ncha yake ikachomekwa sindano ya kushonea, nayo Rahim akaishika kwa vidole viwili, simu yake inarekodi juu ya gunia, huku akisema kwamba kuna wazungu wakiona hivi watazimia. Kornel akapiga magoti, akaishika pedeli kwa mkono, akazungusha.

Wakatoka vifaranga. Hakika walilia kama vifaranga waliokanyagwa, na shangazi mmoja akaangusha kiazi. Kornel akapunguza, wakageuka ng'ombe dume wanaokokotwa. Akaongeza, vifaranga, akapunguza, ng'ombe, jasho likamtiririka, na juu ya ukuta kichwa cha Leonardi kikatokea, kikaanza kukusanya uongo wake.

"Fuata chekeche langu," nikamwambia.

Nikaliokota, nikachekecha, hivi ninavyochekecha kila siku, mkono hauharakishi wala hauchelewi, naye akaufuata mkono wangu. Na katikati ya vifaranga na ng'ombe, tukasikia watu. Mwanamke anaimba, na wengine wako nyuma yake. Joto la mitungi lilikuwa limeipinda santuri, hivyo sauti zilipanda na kushuka kama lori kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, lakini zilifika chini salama. Beti zote. Mpaka ule mkwaruzo wa mwisho, ambapo Kornel aliendelea kuzungusha kimya, maana hakuna aliyemwambia aache.

Rahim akamtumia Ailsa sauti ile. Mama Ignasi aliinua ungo kabla ya yeyote kumzuia, akautazama mtungi. Povu lilikuwa limesimama pale pale. Akairudisha santuri, akapiga ishara ya msalaba, akapumua.

Ndipo ikaja picha. Wazee wanne jikoni, wameshika vikombe, mmoja hana nywele hata moja, wote wanacheka mpaka macho yamefumba. Rahim, kwa furaha yake, akamwonesha Mama Ignasi. Kornel akafumba macho.

Mama Ignasi aliichukua ile simu, akaingia nayo ndani, nasi tukamfuata, akaisimamisha kando ya Bikira Maria. Alitazama simu, akatazama bahasha, akarudia.

"Huyu ndiye yule wa kushoto," akasema. Kisha akasema, "Kumbe hawajafa."

Akatugeukia.

"Miaka yote hii, pombe yangu nilimkabidhi nani?"

Iandikwe, na watoto wa Sumbawanga wafundishwe, kwamba siku ile Mtia Makali aliukomboa wimbo bila kumwaga hata kikombe, na kwamba jiwe la kunolea lilipolala, nchi mbili zisizojuana zilichekechewa ulezi mmoja. Kornel tangu siku ile huombwa asimulie, naye hufika kwenye vifaranga akacheka, akashindwa kuendelea.

Lakini Mama Ignasi alitoka tena uani, akaomba simu irekodi sauti yake. Akajifunga khanga vizuri, kama wangemwona.

"Mimi ni Mama Ignasi," akasema. "Nimewaheshimu ninyi kama marehemu, mkanisaidia. Sasa mko hai, sijui mnahesabiwaje. Kesho mnaimba na mimi naoza mwana. Mkifika kwenye huo wimbo wenu wa mwisho, niombeeni pombe isigeuke."

Rahim akaweka tafsiri chini yake, akatuma. Alama mbili za kusomwa zikawa za buluu. Juu kabisa pakatokea kwamba Ailsa anaandika. Tukangoja, shangazi wote, Kornel na jiwe lake mikononi, Leonardi juu ya ukuta. Pakafutika. Pakatokea tena, anaandika. Pakafutika.