Siku Niliyoipanda Kinga ya Mukendi

Leo nimepatikana, jamani. Naandika mwenyewe, kwa mkono huu uliochubuka, kabla video haijawafikia. Najua iko njiani. Hapa Kolwezi aibu haikosi usafiri.

Wengi wenu mnanijua: Ngoy, karani mstaafu wa migodi, mzee wa parokia hapa Dilala. Mnaijua pia kinga yangu nyeusi, yaani baiskeli, maana nimewachosha kwa sifa zake. Kampuni ilipoanguka na mishahara ikakatika, nani alileta makala, ule mkaa wa kupikia, kutoka porini? Mimi na kinga. Nani alilisha watoto watano? Mimi na kinga. (Mke wangu, Mama Béa, husema naye alikuwepo. Ni kweli. Alikuwepo.)

Jambo moja sikuwahi kuwaambia. Sijui kupanda baiskeli.

Msinikatize. Utotoni kwetu haikuwepo, na ukubwani basi la kampuni lilinichukua karibu na mlango. Kinga ile ni ya rafiki yangu Mukendi, tuliyekaa naye ofisi moja. Miaka ile watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Mukendi alizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa likizo. Walilala stesheni (gare, tunavyosema sisi) majuma mengi wakingoja treni, na treni ilipokuja haikuwa na nafasi ya baiskeli. Akaniwekea usukani mikononi.

"Ngoy, kamata hii kinga. Uipandake kila siku. Kinga ikikaa tu, inakufa."

Mtu amepoteza nyumba, kazi na mji kwa mpigo mmoja. Ningemwambia nini? Samahani, sijui kupanda? Nikasema: "Nitaipanda, ndugu yangu." Na kwa miaka zaidi ya thelathini, kila akipiga simu kutoka Mbuji-Mayi, huko huko Kasai, swali ni lile lile: "Unapandaka kinga?" Na jibu langu ni lile lile: "Kila siku!"

Nilikuwa naisukuma. Baiskeli ya makala haipandwi na mtu: unafunga fimbo kwenye usukani, unapanga magunia, unatembea ubavuni siku mbili. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa bingwa wa baiskeli kwa miguu.

Sasa sikilizeni. Kila mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, vijana wa parokia hufanya matembezi ya baiskeli kuelekea Nzilo. Mwaka huu kiongozi wao ni Ntumba. Na Ntumba ni nani? Binti wa Mukendi! Aliondoka hapa akiwa mgongoni mwa mama yake, akarudi mwaka juzi kufanya kazi ya uuguzi. Kwangu huingia bila kubisha hodi na kufunua sufuria.

Juma lililopita akaingia, akafunua sufuria, akasema: "Tata, weye njo utatangulia batu bote. Na kinga ya papa." Yaani mimi ndiye niwatangulie watu wote, juu ya baiskeli ya baba yake!

Alipotoka, Mama Béa akanikazia macho.

"Ngoy, umuambie ukweli leo."

"Nitamuambia kesho."

(Kesho zilikuwa sita. Zote nilizitumia kupaka mnyororo mafuta.)

Leo asubuhi uwanja wa parokia ulijaa. Baiskeli labda sabini, filimbi, ngoma, na mimi katikati, suruali ya kitambaa imepigwa pasi mpaka inakata. Nilikuwa na mpango. Nisukume hadi kwenye mstari, nipunge mkono, kisha goti liniume. Mpango mzuri kabisa! Nilikuwa nimeshaanza hata kuchechemea. Ndipo Ntumba akainua simu yake juu, na ndani ya simu nikaona uso wa Mukendi. Nywele nyeupe, miwani, shati la Jumapili. Alikuwa amevaa kwa ajili yangu.

"Ngoy! Panda, nione!"

Goti likapona.

Nikapanda. Wanakwaya wawili wakanisukuma kwa nyuma, wakidhani ni heshima. Kutoka uwanjani kuna mteremko hadi barabarani, pale wanapokaa watu wa teksi za pikipiki. Na jamani, nilikwenda! Mita kumi, kumi na tano. Upepo usoni, watu wanashangilia, nikawaza: kumbe ni rahisi hivi, nimejinyima bure maisha yangu yote. Nikainua mkono mmoja kumpungia Mukendi.

Msiinue mkono mmoja.

Usukani ukaanza kutetemeka. Breki sikujua hushikwaje, maana mzigo wa makala kwenye mteremko huzuiwa kwa visigino. Basi nikafanya ninachokijua: nikashusha visigino vyote viwili. Soli ya kiatu cha kushoto ikabaki nyuma. Kisha mwili wangu, kwa woga, ukafanya ulichozoea miaka yote. Ukaruka chini upande wa kushoto ili usukume! Baiskeli nayo haikusimama. Nikakimbia nayo ubavuni, nimeng'ang'ania usukani, napiga kelele "Mutoke! Mutoke!", nyuma yangu baiskeli sabini zikinifuata kwa utii, mpaka mguu wa suruali ukanasa kwenye pedali. Tukalala chini sote wawili, mbele ya pikipiki. Vumbi la mwezi huu mnalijua. Niliinuka mwekundu toka nywele hadi soksi. Mguu mmoja wa suruali haukuinuka nami.

Kisha mwenye pikipiki mmoja akasema, kwa adabu kabisa: "Papa, kuya nikupeleke. Hii yetu haisukumwake."

Barabara nzima ikaangua kicheko. Ntumba akaja mbio, simu bado mkononi. Mukendi naye alikuwa anacheka, anakohoa, miwani imemtoka. Nikaona bora nimalize.

"Mukendi, unisamehe. Nilikudanganya. Mi sijuake kupanda, hata siku moja."

"Mi nilijua," akasema. "Tangu ile siku ya gare."

"Namna gani?"

"Treni ilianza kutembea, mi niko naangalia mu dirisha. Nikakuona unarudia nyumbani. Kinga haina muzigo, haina kitu, na weye unaisukuma! Batu bote mu wagon balikuwa banalia. Mi peke yangu nikacheka. Mama Ntumba akawaza akili yangu imeharibika."

"Na miaka hii yote haukusema?"

"Ningesema nini? Bitu byetu byote bilibakia Kolwezi. Ile kicheko tu njo nilibeba."

Sitawaficha, nililia. Mzee mzima, mguu mmoja wa suruali, katikati ya barabara. Wale wa pikipiki wakageuka kutazama pembeni, Mungu awabariki. Mukendi akasubiri nimalize. Miaka yote tumemwomba aje, hata kwa siku tatu, na kila mara alikataa. Leo akafuta miwani yake, akasema: "Bon. Nitakuya mi mwenyewe. Sasa unapashwa kufundishwa."

Kwa hiyo anakuja. Baiskeli nimeisukuma hadi nyumbani, kama kawaida yetu. Mwenye ile video aifute, nawaomba kwa heshima yangu yote iliyobaki. Mukendi tu ndiye abaki nayo, nimemtumia mwenyewe.