Kitunguu na Kamera

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Mkuu wetu wa kitengo cha malalamiko ya maji katangaza kwamba kamera za kompyuta zetu sasa zina akili bandia. Zitatusoma nyuso, eti kulinda afya zetu. Atakayeonekana kachoka kuliko wote, kila Ijumaa anapewa likizo ya wiki nzima. Likizo hiyo yangu! Jirani yangu wa meza, Mama Pacha, ndiye kachoka kweli: nyumbani watoto wawili wachanga, hapa simu hazikatiki. Lakini anatabasamu kutwa. Anasema anaogopa mtambo usije ukamwona mzigo. Shauri yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimekuja na kitunguu. Simu ikilia, najipaka chini ya macho. Mteja analalamika hana maji, mimi yananitiririka mashavuni! Mchana Mkuu akaja kunipongeza. Mtambo umeona nina huruma kupita wote, kwa hiyo wateja wenye hasira waletwe kwangu. Wote!

Jumatano, 5 Machi
Nimetukanwa tangu asubuhi. Nikabadili mbinu, nikawa nacheka kama aliyerukwa na akili. Bwana mmoja akasema bomba limepasuka, godoro linaelea. Nikaangua kicheko. Mtambo ukaripoti ari yangu imepanda, niongezewe zamu ya jioni! Nyumbani mke wangu akauliza nina nini. Nikamjibu malalamiko yake ni muhimu kwetu, asikate simu. Kaninunia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudia kitunguu, safari hii bila huruma. Mtambo ukaona huruma tu, wakaniletea na wateja wa kitengo jirani. Nikaanza kupokea hata simu ambazo hazijalia. Mama Pacha akanisukumia chai yake, akasema kaka yangu umekwisha, pumzika kidogo. Lo, mjanja huyo! Anataka nipate nafuu ashinde yeye. Chai nimeinywa.

Ijumaa, 7 Machi
Leo hata nguvu za kushika kitunguu sikuwa nazo. Nikalala juu ya kibodi, simu sikioni, mteja anafoka. Kuzinduka, Mkuu kasimama mbele yangu: likizo nimepata! Kumbe kitunguu kinachelewa tu, lazima kwanza kiingie mwilini. Mama Pacha akanipa hongera, anatabasamu, macho mekundu. Roho iliniuma, sisemi uongo. Basi nikamwachia kitunguu kilichobaki na kumfundisha: chini ya macho, kila simu ikilia. Jumatatu anaanza. Mimi si mchoyo.