Raba za Mzee Aniceti

Jumatatu, 10 Machi
Jumamosi baba mkwe, Mzee Aniceti wa Sigino, anatimiza miaka sabini. Anapenda michezo kuliko chakula. Kila alfajiri anakimbia njia ya shambani, mvua ije isije. Mwaka jana Clemence, mume wa dada wa mke wangu Edda, alimpa redio ya kusikilizia mpira. Tangu hapo anaitwa "mwanangu". Mimi, miaka sita ya ndoa, bado ni "huyu wa Edda". Basi! Nitamnunulia raba za kukimbilia. Edda anasema nimuulize baba yake anavaa namba ngapi. Nimuulize? Si atajua!

Jumanne, 11 Machi
Nimefika Sigino mapema na kamba mfukoni. Njia ya shambani ina tope, nyayo zimejichora vizuri mno. Nikapiga magoti, nikapima. Mama mkwe akatokea! Nikamwamkia nikiwa palepale chini. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Maskini, akainama tukatafuta wote nusu saa. Aibu. Lakini kipimo ninacho.

Alhamisi, 13 Machi
Habari mbaya. Clemence kanunua suti ya michezo, mpya, yenye mistari. Sikati tamaa. Nimepata raba huko Maisaka, kwa muuza mitumba: bluu, soli nzima, namba 38. Muuzaji akaonya kwamba mwanaume mzima havai hizo. Nikamwambia nyayo hazidanganyi. Mzee ni mwembamba, na miguu yake itakuwa myembamba.

Jumamosi, 15 Machi
Suti ya Clemence imemkaa mzee kama kashonewa. Makofi. Zamu yangu. Raba ya kwanza ikaishia vidoleni. Mzee akasukuma. Clemence, mnafiki, akaleta kijiko cha kusaidia kisigino. Jasho! Ndipo mama mkwe akauliza kama kile kifungo kilikuwa nyayo zake. Kumbe Jumanne mzee hakutoka, mgongo ulimbana. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akazivaa yeye. Zikamtosha! Akakunja kitenge, akazunguka nyumba mbio, mara mbili. Mzee akasimama anahesabu sekunde, anapiga kelele, "Mikono, mama Edda! Tumia mikono!" Akacheka hadi machozi. Akasema miaka arobaini amekimbia peke yake, sasa ana mwenzake. Kisha akanishika bega. "Asante, Remigius."

Remigius! Nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe kupangusa macho. Ni moshi.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada mzee kanisalimia kwa jina mbele ya Clemence. Kipimo changu kilikuwa sahihi kabisa, ni mguu tu haukuwa wake. Pasaka nampa bukta na suruali ya mazoezi. Leo nimepita Sigino wazee wakiwa wamelala mchana, nikapima suruali iliyoanikwa kambani. Ndefu ajabu! Sikujua mzee ana miguu mirefu kiasi kile. Clemence alikuwepo pia, amejifunga shuka, anasubiri nguo zake zikauke. Hakuniona.