Friji ya Klara, Kompyuta Yangu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimechukia. Kornelio wa Gare ameikimbiza kompyuta yake kupita kasi ya kiwandani, picha katuma kwenye grupu la kwaya ya usharika. Pongezi kibao. Mke wangu Klara kaweka makofi matatu. Mimi sijawahi kupata hata moja.

Mwalimu wa kwaya, Mzee Abrahamu, katangaza kwamba Jumamosi atazishindanisha kompyuta zetu mbili. Yenye kasi ndiyo itahariri video ya kwaya. Klara ndiye mwimbishaji. Maana yake Kornelio akishinda, wiki nzima atakaa anaukuza uso wa mke wangu kwenye skrini. Kornelio huyuhuyu aliyewahi kumposa! Haiwezekani.

Jumanne, 15 Julai
Dawa nimeipata. Kompyuta ikikimbizwa inachemka. Kornelio anaiweka dirishani ipigwe na baridi. Ushamba. Yangu nitaipoza kwa kimiminika cha chini ya sifuri. Friji ya Klara ipo, na Lushoto mwezi wa saba nani ana haja na friji?

Nikamwambia imekufa, nitaitengeneza mwenyewe. Akauliza tangu lini mimi ni fundi. Nikasema umeme siku hizi haueleweki.

Alhamisi, 17 Julai
Nimechomoa mabomba ya ubaridi taratibu, gesi isitoroke, nikayazamisha kwenye ndoo ya rangi niliyoijaza maji. Pampu ya maji ya kioo cha gari, mpira wa mafuta wa bodaboda hadi kwenye kompyuta. Mimi ni mtu hatari.

Maji yakaganda. Yanataka kuchanganywa na spiriti, na kwenye duka la dawa imeisha. Nikawaza: kilevi ni kilevi. Nimenunua boha kwa Mama Jenoveva, pombe ya miwa, bado inachachuka. Akashangaa mume wa mwanakwaya kunywa. Nikasema si ya kunywa. Kacheka mpaka kakaa chini.

Ijumaa, 18 Julai
Nyuzi hasi mbili! Kompyuta inakimbia, Kornelio kwisha habari yake. Nimezima, nimekaza mfuniko kwa waya Klara asinuse boha. Ndoo nimeiacha sebuleni karibu na jiko la mkaa. Baridi kali leo.

Jumamosi, 19 Julai
Alfajiri, kishindo. Boha imeumuka na kupasua ndoo. Ukutani, kwenye kompyuta, kwenye joho la Klara lililokuwa limenyooshwa. Klara akalinusa, akalivaa hivyohivyo, akatangulia kanisani. Bora angenitukana.

Kompyuta yangu haikuwaka. Nilimwamkia Mzee Abrahamu shikamoo, akaitikia huku anakunja pua na kumwangalia Klara, kisha akamwomba kwa upole akasimame mstari wa nyuma. Klara akainamisha kichwa. Video kapewa Kornelio. Roho iliniuma, sijui kwa lipi zaidi.

Jumapili, 20 Julai
Kornelio kaja na vifaa, kairudisha friji ya Klara kama mpya, gesi kajaza. Malipo kakataa, chai tu ndiyo kakubali. Nilimwangalia kila alipokunywa.

Alipoondoka, Klara akaniambia kwamba alimkataa Kornelio kwa sababu mimi nilikuwa namchekesha, na kwamba tangu Jumatatu hajacheka. Maneno mazito. Yameniingia. Nimekaa nayo jioni nzima nikitafuta nilipokosea.

Nimepaona. Mfuniko. Ulitakiwa uwe na katundu ka kupumulia. Ndoo nyingine ipo, na friji sasa ina gesi mpya.