Mzaliwa wa Siku ya Uhuru

Jumamosi, 2 Machi 2019

Msiba! Mpiga mbiu wa chifu kapita asubuhi na kengele yake. Jumatano, Sikukuu ya Uhuru, kila aliyezaliwa tarehe 6 Machi 1957 atakaa chini ya mwavuli wa chifu, tena na mgeni mmoja wa kike pembeni yake. Mji mzima una mzaliwa mmoja tu: Dabanka kinyozi. Miaka yote nimemvumilia akijisifu kwamba yeye na Ghana ni pacha. Lakini sasa kamwalika Adwoa Birago! Birago wangu, mjane mwenye mgahawa wa fufu. (Wangu kwa maana kwamba bado hajaikataa posa yangu.) Kamjibu Dabanka kwamba atafikiria. Nimekosa hata hamu ya kula.

Jioni dawa imepatikana. Na mimi nimezaliwa siku hiyo.

Jumatatu, 4 Machi

Kwa Bi Nyarko, katibu wa kamati ya sherehe. Nimemwambia cheti changu kililiwa na mchwa. Kaniangalia weee, kisha kauliza tangu lini Kwasi akazaliwa Jumatano.

Balaa! Uhuru ulipatikana Jumatano. Kwasi huzaliwa Jumapili, wa Jumatano ni Kwaku, hata mbuzi wa hapa wanajua. Mimi siku mbili nzima nawaza nivae kente ipi, jina langu mwenyewe nimelisahau! Nikajikaza. Nikasema Kwasi ni jina la babu tu, nimebebeshwa, la kwangu hasa ni Kwaku. Bi Nyarko kacheka mpaka kavua miwani. Lakini kaandika.

Kuna kasoro ndogo. Mzaliwa wa uhuru ana miaka sitini na miwili. Birago nilimwambia nina arobaini na tisa. (Ninayo hamsini na sita, lakini hiyo haimsaidii mtu.) Nitamweleza baadaye, akishazoea mwavuli.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshinda mtaani nikiwafundisha watu kuniita Kwaku. Kazi bure. Muuza mkate kaniita Kwaku mara tatu, sikugeuka, kamuuzia mwingine.

Dabanka kasimama mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, wembe mkononi, kapaza sauti barabara nzima isikie: “Karibu, pacha! Mbona mama hakuniambia tuko wawili?” Wateja wakacheka, mmoja povu likiwa bado kidevuni. Nimepita kama sijasikia.

Birago naye kaniuliza, huku anatwanga fufu, eti kwani mimi nina miaka mingapi siku hizi. Nikasema inategemea. Katwanga kwa nguvu zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Mambo yalianza vizuri. Ngoma, chifu, mwavuli, mimi na Dabanka mbele ya mji mzima. Kiti cha mgeni wangu kitupu, cha mgeni wake vilevile. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti: Kwaku Dabanka, Kwaku Adomako, wana wa uhuru! Makofi.

Ndipo mama mdogo Pokuaa akainuka kutoka safu ya wanakwaya. Umri wote ule na sauti bado haijapungua. “Kwaku gani? Wewe Kwasi! Mama yako alishikwa uchungu mchungaji yuko katikati ya mahubiri! Nilitoka mbio nimeshika kitabu cha nyimbo! Na uhuru tulishausherehekea zamani!”

Uwanja mzima ulilia kwa kicheko. Chifu mwenyewe alijifunika uso kwa kente. Dabanka akanipungia mkono: “Shuka, Jumapili, leo si siku yako!” Nimeshuka. Njia ya kutoka uwanjani ilikuwa ndefu kama ya kwenda Accra kwa miguu.

Alhamisi, 7 Machi

Birago kaniita. Nimekwenda nimejiandaa kufukuzwa.

Kumbe umri wangu anaujua tangu Krismasi! Mama mdogo Pokuaa ni mteja wake wa kila Jumamosi. Na jana hakukaa na Dabanka wala na nani, alikuwa anauza fufu, sikukuu watu wana njaa. Kasema, “Kwasi, we mwanamume mjinga. Ila umejiaibisha kwa ajili yangu, mwenzio hata shati hakubadilisha.” Kisha kanipakulia fufu na mchuzi wa njugu, nyama mbili!

Jibu lake ni ndiyo. Kwa sharti moja: nisichezee tena siku wala mwaka wangu wa kuzaliwa, mpaka nizikwe. Nimeapa. Jamani, nina furaha! Nimekuwa mtu mwingine.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya kanisa, tangazo. Julai shule itasherehekea miaka hamsini tangu binadamu akanyage mwezini. Wanatafutwa waliozaliwa tarehe ileile, 20 Julai 1969. Watakaa mbele.

Nimeikagua siku hiyo kwenye kalenda ya zamani ya mwalimu. Safari hii sikurupuki. Jumapili! Kwasi halali kabisa! Na umri? Arobaini na tisa! Hii si kuchezea, hii ni kulinda neno nililomwambia Birago mwanzoni.

Nimekimbia kwa Bi Nyarko, maana na huko ndiye katibu. Kasema baada ya yaliyotokea, safari hii lazima nitaje shahidi, mtu mwaminifu anayeujua umri wangu vizuri.

Nimemtaja Adwoa Birago.