Mcheko Usioidhinishwa Kasrini

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba, kuanzia mwaka huu, hakuna mfalme atakayekohoa kwenye runinga ya taifa bila ushahidi wa maandishi.

Uamuzi huo ulipitishwa na Kamati ya Usahihi wa Kihistoria katika Tamthilia za Kifalme, ambayo mimi ni katibu wake. Wajumbe tuko watatu: Mwenyekiti, dereva wake, na mimi. Dereva huhesabiwa ili akidi itimie.

Tamthilia ya kwanza kuletwa kwetu ilihusu baraza la mfalme mmoja wa zamani. Mwandishi wake, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameihangaikia miaka minne. Watu arobaini walipata ajira humo. Mfalme aliigizwa na mzee ambaye hakuwa ameitwa kazini kwa muda mrefu.

"Simamisha hapo," Mwenyekiti alisema dakika ya pili. "Kakohoa."

"Ana kifua, Mheshimiwa," Mwandishi akajibu.

"Nani? Mfalme au mwigizaji?"

"Mwigizaji."

"Basi waraka wa kikohozi cha mfalme uko wapi?"

Hakuwa nao. Nikampa fomu.

Siku tatu zilizofuata tulichapa kazi. Tuliondoa zipu kwenye gauni la malkia, ikawa anashonewa mwilini asubuhi na kufumuliwa jioni. Tuliagiza mbu aliyeonekana ukutani afutwe, kwa kuwa hakuna orodha ya wageni wa kasri inayomtaja. Mshonaji akauliza kama kamera nazo zilikuwepo enzi za mfalme. Hoja yake tuliiweka kiporo.

Siku ya nne Mwenyekiti alimwita Mwandishi ofisini.

"Baba wa babu yangu alikuwa ndani ya kasri lile. Nimekua nikisikia hivyo nyumbani. Mbona humu simwoni?"

"Alikuwa nani, Mheshimiwa?"

"Mshauri Mkuu. Andika kwamba kila jambo jema mfalme alishauriwa naye. Mabaya aliyafanya mwenyewe."

"Ushahidi?"

"Mama, mwenyekiti wa ushahidi ni mimi. Ukikataa, tamthilia inaingia kabatini na hao arobaini wako wanarudi makwao."

Mwandishi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. Kisha akanigeukia.

"Katibu, baba, nipe fomu. Mhusika mpya naye si ana fomu yake?"

Kwa utaratibu, alikuwa sahihi. Fomu huenda Nyumba ya Kumbukumbu, na majibu husomwa hadharani, hayakatiwi rufaa. Mwenyekiti alisaini bila kusoma, kama afanyavyo kwa kanuni alizotunga mwenyewe. Akaongeza na kifungu kipya: mhusika akiwa na mzao aliye hai, mzao huyo ndiye aigize, kwa usahihi wa sura. Jioni hiyo akaenda kupimwa joho. Siku ya kusomwa majibu akaalika waandishi wa habari na mama mkwe wake.

Mtunza nyaraka, bibi aliyebakiza miezi miwili kustaafu, aliingia na daftari la watumishi wa kasri likiwa limefungwa kwa kitambaa. Akalifungua taratibu.

"Huyu hapa. Kazi yake: kucheka mfalme anapotania."

"Hilo ni jina tu limefanana!" Mwenyekiti aliruka.

"Jina ni lake, ukoo ni wake, na sikio lenye kovu, kama fomu inavyosema, limeandikwa. Subiri, mwanangu, kuna sehemu ya pili. Alifukuzwa mwezi wa tatu wa ajira. Sababu: alicheka kabla mfalme hajamaliza kusema." Bibi alisogeza daftari karibu na macho. "Na mfalme hakuwa anatania. Alikuwa anatangaza msiba."

Mama mkwe akasema, "Kumbe!"

Mwenyekiti alinitazama nimwokoe. Mimi ni mtumishi mwaminifu, kwa hiyo nilisimama nikamsomea kifungu chake.

Siku ya kurekodi sehemu yake alivaa kaniki badala ya joho.

"Tena, Mheshimiwa," Mwandishi alisema kwa upole. "Hicho ni kicheko cha mshauri. Tunataka cha mtu anayelinda ajira yake."

Walirudia mara kumi na tisa. Nchi nzima ilitazama, na tamthilia ikaongezewa vipindi sita. Mzee aliyeigiza mfalme sasa huombwa picha kila anapokwenda kununua mkate.

Mwenyekiti alibadilika. Kwenye vikao, Waziri anayetusimamia alipotania, sisi wote tulivunjika mbavu. Yeye alikaa kimya, akihakikisha kwanza kwamba sentensi imekwisha. Jumatatu Waziri akauliza ni nani yule asiyefurahia. Jumatano barua ya uhamisho ikafika.

Nafasi yake nakaimu mimi. Mpaka sasa naendelea vizuri. Nimekaa pale ninapoona midomo ya Waziri.