Kulizunguka Ziwa Biwa Nikiutafuta Uenyekiti

Jumatatu, 13 Mei. Omi-Maiko.

Tumeanza! Wageni kutoka kila pembe ya dunia, boti sita, siku tano za kulizunguka Ziwa Biwa kwa makasia. Wazo langu. Naliandika hapa kwa sababu kwenye hotuba ya ufunguzi lilisahaulika.

Wageni wamekuja kutalii. Mimi nina shughuli. Mzee Orikasa, mwenyekiti wa klabu yetu, anang'atuka, na Ijumaa kwenye karamu ya kufunga atamtaja mrithi wake. Wa kufikiriwa tuko wawili tu: mimi Tsukuda, meneja mstaafu wa kiwanda cha vigae vya bafu, na Nukaga, muuza dawa. Nukaga hana hotuba, hana wazo, kazi yake kutabasamu na kukunja kamba. Watu wanampenda. Sijui wanampendea nini.

Asubuhi tulipiga kura ya ngazi kupanga nani akae boti gani. Niliichora mwenyewe: mistari mirefu ya kusimama, vijistari vya kulala katikati, ukifuata wako unashuka mpaka kwenye boti yako. Nikahakikisha mstari wa Mzee unaangukia kwangu. Siku tano naye, magoti kwa magoti! Lakini desturi inaruhusu kila mtu aongeze kijistari kimoja kabla kura haijafunguliwa. Watu wetu wote wakakataa kwa adabu. Marijke, mama wa Kiholanzi mwenye mabega ya mpakua mizigo, akasema mchezo mtamu huu, akachora chake katikati kabisa. Mzee akaangukia boti ya Nukaga. Mimi nikaangukiwa na Marijke.

Jumanne, 14 Mei. Imazu.

Malengelenge mikono yote miwili. Mpiga makasia huenda kinyumenyume, kwa hiyo nimeshinda kutwa nikiitazama boti ya Nukaga ikitufuata. Mzee kashika usukani, Nukaga anavuta kasia, wanacheka. Wanacheka nini?

Jioni, mpango wa bafu. Aliyekusugua mgongo si rahisi kumsahau. Niliwahi kwenye bafu la nyumba ya wageni. Mvuke mzito, miwani nimeiacha na nguo. Nikaona mgongo umekaa kwenye kigoda, nikapiga magoti nyuma yake. Nilisugua kwa moyo wote! Huku nasugua namweleza: uaminifu wangu, miaka yangu klabuni, mawazo yangu kuhusu paa la banda la boti. Niliona mgongo mpana kuliko nilivyoukumbuka, nikasema moyoni, alhamdu, Mzee bado ana afya. Nilipomaliza ukageuka. Detlef, Mjerumani, fundi wa lifti. Alinishukuru sana. Akaomba na shingo.

Nikamsugua shingo. Ningefanyaje? Mzee mwenyewe alikuwa keshaingia kwenye bwawa la maji moto, ameegemea jiwe, na pembeni yake nani? Usiniulize.

Jumatano, 15 Mei. Nagahama.

Aibu tupu.

Leo zamu ya usukani ilikuwa yangu. Nilitaka tufike wa kwanza, nimpokee Mzee gatini kwa taulo na chai ya moto. Nikaamuru tukate njia karibu na ufuo. Marijke akauliza ile miti iliyochomekwa majini ni ya nini. Nikamwambia apige kasia, usukani una mwenyewe.

Ilikuwa mitego ya wavuvi, ile iliyokuwepo tangu enzi za mababu zetu na ambayo kila mtoto wa ziwa hili anaijua. Uzio wa nyavu unatoka ufuoni. Samaki akiufuata hujikuta ndani ya chumba kisicho na nafasi ya kugeuka. Na boti yetu ni ndefu kuliko samaki yeyote. Mwenye mtego akatoka na mashua yake huku akifoka: "We mzee mzima, hata kambale ana akili ya kurudi nyuma!" Marijke akataka nimtafsirie. Nikamwambia anatukaribisha.

Aliyekuja kututoa ni Nukaga, na kamba zake. Tena akainama mbele ya yule mvuvi kwa niaba yangu, akainama, akainama, mpaka mvuvi akaona haya mwenyewe na kumpa mfuko wa samaki. Mzee aliyaona yote. Alicheka mpaka kofia ikaanguka majini.

Nimekwisha. Uenyekiti ni wa Nukaga. Nimekula samaki wake wa kuchoma watatu, kwa hasira.

Alhamisi, 16 Mei. Omi-Hachiman.

Sijakwisha! Nina mpango, na mpango huu hauhitaji miwani.

Mtu wa kwetu akipewa cheo hakirukii. Anakataa mara ya kwanza: sistahili. Anakataa mara ya pili: wapo bora kuliko mimi. Mara ya tatu ndipo anainama na kukubali, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Anayekubali mara ya kwanza atasemwa mpaka wajukuu zake waoe. Nukaga, muungwana wa kupindukia, atakataa mara mbili, hilo halina shaka. Basi ikipatikana sauti ya kuingia kati hapo hapo, kabla ya ombi la tatu, kwisha habari yake! Zamu itanigeukia mimi.

Hakuna Mjapani atakayethubutu. Lakini mgeni?

Nikamnunulia Marijke konyaku nyekundu, ule utando mgumu wa kiazi unaotafunwa kama mpira, sifa ya mji huu. Alitafuna kwa muda mrefu akiniangalia. Kwa Kiingereza changu cha shule nikamfundisha desturi ya kale (niliibuni wakati nikilipa): mtu akikataa heshima mara mbili, mgeni mwenye adabu husimama, hupiga makofi na kusema, "Tusimlazimishe." Eti huo ndio uungwana wa juu kabisa. Macho yakamng'aa. Kwao Uholanzi, akasema, mtu akisema hapana ni hapana, kumbe na huku wapo watu wa aina hiyo! Akauliza, ni kwa mtu yeyote? Sikutaka anishuku kuwa namlenga Nukaga. Nikasema ndiyo mama, kwa mtu yeyote yule.

Ijumaa, 17 Mei. Otsu.



Karamu. Mbele ya kila mtu sahani ya samaki wetu wa kuvundikwa kwenye wali, wale ambao harufu yao huingia mlangoni kabla yao. Mzee Orikasa akasimama, katibu wa klabu akiwatafsiria wageni. Akasema klabu haihitaji hodari wa makasia, hodari wapo. Inahitaji mtu ambaye watu hawamchoki. Kwamba siku tano hizi amecheka kuliko miaka kumi iliyopita, na kwamba Nukaga mwenyewe ndiye aliyemshauri, siku ile ile ya kwanza, botini, jina hili. Akanigeukia.

"Bwana Tsukuda, tuongoze."

Mimi! Moyo ulinipasuka kwa furaha. Machozi yalinilenga, sifichi. Na mdomo wangu, mdomo huu nilioulea kwa adabu tangu utotoni, ukasema: sistahili, Mzee.

Mzee akatabasamu. Akaomba tena. Nikasema wapo bora kuliko mimi, yupo Bwana Nukaga. Kichwa nimekiinamisha, paji la uso karibu liguse mkeka, nasubiri la tatu. Nikasikia makofi.

Marijke kasimama. "Tusimlazimishe!" Detlef akasimama. Wageni wote wakamwiga Marijke, makofi ukumbi mzima, Detlef anajifuta macho. Mzee akaduwaa, kisha akaguswa. Akasema katika maisha yake marefu hajawahi kuona hapana ya mtu ikisikilizwa, naye hataivunja. Nilifungua mdomo. Hakuna neno la kutoka hapo. Lugha yetu haina neno la kutoka hapo.

Akamgeukia Nukaga. Nukaga akakataa. Akakataa tena! Nikamtumbulia macho Marijke, sasa mama, sasa! Alikuwa ametia kinywani kipande chake cha kwanza cha samaki. Kizima. Hakiendi mbele wala hakirudi, machozi yanamtiririka, anapunga mkono aletewe maji.

Mara ya tatu Nukaga akainama, akakubali.

Jumamosi, 18 Mei. Nyumbani.

Nimeshalitafakari. Kosa ni la Marijke.

Mke wangu Fusae akauliza kwa nini sikusema ndiyo tangu mwanzo, na cheo nilikuwa nakitaka. Nikamuuliza anataka kuolewa na mshenzi? Akasema angalau angekuwa mke wa mwenyekiti.

Saa tisa hivi Nukaga akaja, na sanduku la keki za mchele. Anataka niwe makamu wake, tena nisimamie safari ya wageni ya mwakani. Makamu! Kutoka hapo mpaka kitini ni hatua. Nikamwambia sistahili. Akasisitiza. Nikamwambia wapo bora kuliko mimi, nikainama vizuri. Nilipoinua kichwa alikuwa anavaa viatu. Akasema ananiheshimu sana, na hatarudia kosa la kunisumbua.

Asiyejua adabu ni asiyejua. Sijakata tamaa. Kesho asubuhi na mapema nitakwenda kwake kumsihi, kwa magoti ikibidi, asinipe cheo hicho kabisa. Hapo lazima ataelewa.